Biashara zinazotegemea vipimo vya bahari: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu dodoso letu

Tangu tuanze kuzunguka na dodoso hili, Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba, kisha Mombasa na Kilifi, maswali yanayotupokea mlangoni ni yale yale. Mengine ni ya wasiwasi, mengine ni ya mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi na wageni na hakuona chochote kikirudi. Yote yana haki ya kujibiwa, na tumeyajibu hapa kwa kadiri tunavyojua.

Mnatafuta nini hasa?

Tunataka kujua ni biashara zipi za pwani zinazosimama juu ya vipimo vya bahari. Ziko za namna mbili. Kuna zinazowezesha bahari ipimwe: mzamiaji anayekodiwa kufunga kifaa chini ya gati, mwenye boti inayopeleka boya mahali pake, kampuni ya kupima kina, fundi anayebadilisha betri na waya zilizoliwa na chumvi, kijana anayetengeneza programu ya simu inayoonyesha maji ya kesho. Na kuna zinazotumia vipimo hivyo kufanya kazi yake: boti za abiria, bandari, wakulima wa mwani, wazalishaji wa chumvi, watembezaji watalii, wavuvi.

Wapo walio pande zote mbili. Mwenye boti ya kuwapeleka watalii kuona potwe, yule papa mkubwa kuliko wote, kule Kilindoni, Mafia, anasoma utabiri wa upepo kila asubuhi, na mtafiti akija anamkodisha boti hiyo hiyo kwenda kuchukua sampuli za maji. Tunamhesabu kotekote.

"Vipimo vya bahari" ndiyo nini?

Ni namba yoyote inayoeleza bahari ikoje: maji yamepanda au kushuka kiasi gani, mawimbi yana kimo gani, joto la maji, chumvi yake, mkondo unakwenda wapi na kwa kasi gani, kina cha mlango wa bandari, upepo unaovuma juu yake.

Wanaopima ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Bandarini Zanzibar na Mombasa kuna vifaa vya kupima kupanda na kushuka kwa maji ambavyo kumbukumbu zake zinaanzia miaka ya 1980. Juu kuna setelaiti zinazosoma joto na kimo cha uso wa bahari. Katikati ya Bahari ya Hindi kuna maboya yaliyofungwa nanga, mtandao uitwao RAMA ulioanza 2004. Na kuna vyombo vya Argo, ambavyo mimi binafsi sichoki kuvielezea: bomba lenye urefu wa mtu, linaloelea peke yake, linazama hadi mita 1,000 na kusukumwa na mkondo kwa siku kama tisa, kisha linashuka hadi mita 2,000 na kupanda taratibu huku likipima joto na chumvi njia nzima. Likifika juu linatuma namba zake kwa setelaiti, halafu linazama tena. Kila siku kumi, kwa miaka. Duniani viko karibu 4,000, na namba zake ni bure kwa yeyote.

Mimi natumia macho na uzoefu tu. Linanihusu?

Karibu kila mtu anatujibu hivyo, na karibu kila anayetujibu hivyo linamhusu.

Kusini mashariki ya Unguja nilimkuta bibi mmoja mkulima wa mwani, nikamuuliza kama dodoso lilivyoandikwa wakati ule: "Je, unatumia takwimu za bahari katika shughuli zako?" Akanitazama kwa huruma. "Hapana mwanangu, hayo ya wasomi." Nikaandika hapana. Nilipoinuka kuaga nikaona upande wa ndani wa mlango wake umejaa alama za chaki. Mistari mifupi, mmoja kwa kila siku, na baadhi imezungushiwa duara. Pembeni ya kila duara palikuwa na saa: saa nne, saa tano kasoro, saa tano na nusu. Nikamuuliza ni nini. "Maji hayo." Maduara ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, na saa ni wakati maji yanapokauka kabisa hata aweze kutembea hadi kwenye kamba zake. Siku za bamvua alizihesabu mwenyewe kwa mwezi, kama mama yake alivyomfundisha. Saa alizipata kwa mjukuu anayesoma kwenye simu.

Sasa tufuate zile saa zilikotoka. Simu inazitoa kwenye programu, na programu inazitoa kwenye hesabu. Hesabu hiyo haiwezekani mpaka mtu awe amepima maji mahali fulani jirani kwa muda wa kutosha, mwezi mmoja kwa uchache, vizuri zaidi mwaka mzima, na kwa usahihi mzuri kabisa miaka 18.6, maana huo ndio mzunguko kamili wa mabadiliko ya njia ya mwezi. Kwa hiyo mlango wa yule bibi ulikuwa umeunganishwa na kifaa kilichopo bandarini, naye hakujua, wala anayekitunza kifaa hakujua kwamba kuna mlango kama ule.

Nilirudi ndani, nikafuta hapana. Siku ile ndiyo tuliyoanza kuliandika dodoso upya.

Basi sasa mnauliza nini?

Swali la kwanza ni hili: *Mara ya mwisho ulipobadilisha mpango wa kazi kwa sababu ya bahari, ilikuwa lini, na ulijuaje?*

Hatutaji data. Mtu anaanza kusimulia, nasi tunafuata njia ya habari hiyo kinyumenyume: uliambiwa na nani, huyo alisoma wapi, ilikufikia saa ngapi, ungefanya nini usingeambiwa. Yanayofuata ni mafupi: una wafanyakazi wangapi, umeanza mwaka gani, ni sehemu gani ya kazi yako inayosimama kama habari za bahari zisipokuja kwa wiki moja. Kwa wale wanaouza huduma za upimaji tunaongeza maswali kuhusu wateja wao ni akina nani, vifaa wanavinunua wapi, na vikiharibika vinatengenezwa hapa au vinasafirishwa nje.

Kwa kawaida ni dakika ishirini na tano. Akiwa nahodha wa siku nyingi na chai ipo, ni saa mbili, na hatujutii.

Kwa nini msichukue orodha ya biashara zilizosajiliwa mkamaliza?

Tulijaribu. Orodha za usajili zinapanga biashara kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, ule wa Umoja wa Mataifa. Uvuvi wa baharini una namba yake, 0311. Utengenezaji wa vifaa vya kupimia una yake, 2651, lakini humo humo mna mita za umeme, na saa za mkononi ziko namba ya jirani. Ushauri wa kihandisi ni 7110, kundi moja na wachora ramani za nyumba. Hakuna namba inayosema "huyu anapima bahari" wala "huyu anaishi kwa utabiri wa mawimbi".

Ndiyo maana hakuna serikali inayoweza kufungua kabati na kukwambia biashara hizi ni ngapi. Lazima mtu atoke aende akaulize. Na kwetu kuna tabaka zima ambalo halimo kwenye orodha yoyote: mwenye mtumbwi mmoja, muuza barafu sokoni, mama anayenunua dagaa na kuwaanika.

Kuna waliokwisha kufanya jambo kama hili?

Wapo. Tulichojifunzia zaidi ni cha Marekani, ambako mfumo wa taifa wa kuangalia bahari, IOOS, ulio chini ya shirika lao la bahari na anga la NOAA, uliagiza biashara za namna hii zihesabiwe. Kazi ilifanywa na kampuni ya utafiti ya ERISS pamoja na The Maritime Alliance ya San Diego. Ripoti ya kwanza ilitoka 2016 na kukadiria kwamba biashara hizo zinaingiza karibu dola bilioni 7 kwa mwaka. Ya pili ilitoka miaka mitano baadaye.

Kwa macho yangu, kilichokuwa na thamani zaidi kuliko namba ile kubwa ni jinsi walivyogawa watu: upande mmoja wanaouza vifaa na huduma za kupimia, upande mwingine wanaochukua vipimo vya bure vya serikali, wakavichakata, wakauza kitu kipya. Hilo la pili linaonyesha kwamba boya lililolipiwa na kodi ya wananchi ni mtaji wa biashara binafsi.

Hatukunakili dodoso lao. Lao linafika kwa barua pepe kwa meneja mwenye cheo na ofisi. Letu linafika kwa miguu.

Hapa kwetu wanaowezesha upimaji ni akina nani? Si ni serikali tu?

Taasisi za umma ndizo nguzo, hilo halina ubishi. Tanzania kuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, taasisi ya utafiti wa uvuvi TAFIRI, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo mjini Unguja tangu 1978. Kenya kuna Idara ya Hali ya Hewa na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi KMFRI yenye makao yake Mombasa, ambayo ina meli ya utafiti, RV Mtafiti.

Lakini ukimfuata mtafiti mmoja kwa siku moja utaona watu wangapi wamekula siku hiyo. Boti imekodiwa na mafuta yamenunuliwa kijijini. Mzamiaji ni wa kampuni ya watalii, msimu ukiwa mdogo. Kamba, shakeli na minyororo vimetoka duka la vifaa vya baharini. Kifaa kimeagizwa nje kwa bei ya gari, na kikifika kinahitaji chuma cha kukishikilia ukutani, ambacho kimechomelewa na fundi wa mtaani aliyeonyeshwa picha kwenye simu. Fundi yule hajawahi kujihesabu kuwa yumo katika sayansi ya bahari. Tunamhesabu, maana chuma chake kikishika kutu na kuachia, namba zinakatika.

Na wanaotumia? Nje ya wavuvi na boti za abiria ni nani tena?

Hapa ndipo tulipopata mengi tusiyoyatarajia.

Wazalishaji wa chumvi, kuanzia Gongoni na Marereni kule Kilifi hadi Bagamoyo, Kilwa na Lindi, hufungulia maji ya bahari yaingie kwenye majaruba, yale mabwawa ya kukaushia chumvi, wakati wa bamvua. Pwani yetu ina tofauti kubwa ya maji, kwa siku za bamvua inafikia takriban mita nne kati ya maji kujaa na kupwa, na jaruba lililochimbwa juu kidogo linafikiwa siku chache tu kwa mwezi. Akizikosa kwa kuhesabu vibaya, anasubiri wiki mbili. Ikinyesha mvua juu ya chumvi iliyoanza kuganda, kazi ya siku nyingi imeyeyuka.

Wauza barafu. Mmoja aliniambia kwamba anatazama utabiri wa upepo kabla ya kuagiza, kwa sababu boti zisipotoka barafu inamfia mikononi.

Wanunuzi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi mpevu unasimamisha kazi wenyewe. Lakini hata usiku wa giza, kusi, upepo mkali wa kusini, likivuma taa hazitoki. Naye mnunuzi aliyekwisha kukodi lori la kwenda bara analipa, dagaa wawepo wasiwepo.

Kisha kuna wakubwa. Marubani wa meli bandarini wanangoja maji yajae ndipo waingize meli inayohitaji kina kirefu. Wenye mikongo ya intaneti iliyolala chini ya bahari hawalazi waya kabla sakafu ya bahari haijapimwa. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika Mei 2024, Afrika Mashariki nzima ilihisi. Huko Chongoleani, Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, na gati la kupakilia mafuta haliwezi kusanifiwa bila kujua mawimbi na mikondo ya pale. Hoteli za ufukweni zinataka kujua mchanga wao unakwenda wapi. Kampuni za bima zinauliza kimbunga kikija kitapita wapi.

Nani ajibu, mwenye kampuni au wafanyakazi?

Wote wawili, mbalimbali. Mkurugenzi anajua kiasi kinacholipwa kwa huduma ya utabiri. Nahodha ndiye anayejua kama utabiri huo unasomwa. Majibu yao yakitofautiana hatuchagui la nani kweli. Tofauti yenyewe ni habari.

Mbona mwanzoni mlisema mnafanya "uchunguzi"? Watu walikimbia.

Kosa letu, na tumelilipia. Dodoso la kwanza lilikuwa na maswali zaidi ya sitini na lilitafsiriwa mezani na watu wasiowahi kukaa ufukweni. Liliandikwa "uchunguzi wa biashara zinazohusika na uangalizi wa bahari". Hebu lisome kwa sikio la mvuvi. Uchunguzi ni wa polisi. Uangalizi wa bahari ni doria, wale wanaokuja na boti ya kasi kukagua nyavu. Katika kijiji kimoja cha Tanga tuliingia asubuhi tukakuta ufukwe mtupu, mashua zimeachwa na ndoo za maji ya kunywa bado zimo ndani. Tulikaa chini ya mkungu hadi alasiri. Mzee mmoja ndiye aliyekuja hatimaye, akatuuliza kwa upole, "Mmekuja kukamata nani?"

Sasa tunasema tumekuja kuuliza habari za maji na upepo. Kila mtu ana la kusema kuhusu maji na upepo. Na hatuendi mahali kabla ya kumwona mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, na sheha au mwenyekiti wa kijiji.

Jambo jingine tulilojifunza: tusiyatupe maneno ya wenyewe. Nahodha akisema matlai tunaandika matlai. Akisema maji mafu tunaandika maji mafu. Maneno hayo yana usahihi wake, na yakigeuzwa kuwa "upepo wa mashariki" au "tofauti ndogo ya maji" tunapoteza alichotuambia.

Mnakuja lini? Mbona mara nyingine mnakuja wakati hatupo?

Tulikuwa tunakuja kwa kalenda ya ofisi. Sasa tunakuja kwa kalenda ya maji. Wakulima wa mwani tunawafuata siku za maji mafu, kwa kuwa bamvua wako shambani na kila saa ya maji makavu ina thamani. Watu wa dagaa tunawafuata mwezi ukiwa mpevu. Watembezaji watalii kati ya Machi na Mei, mvua za masika zikiwa zimewapunguzia wageni. Chumvi tunaikwepa wakati wa kuvuna.

Haya majibu yataishia kwa watu wa kodi?

Hapana. Karatasi ya majibu haina jina lako, ina namba. Orodha inayounganisha majina na namba inakaa kwa mtu mmoja na inateketezwa kazi ikiisha. Kisheria pia tumefungwa: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinamzuia aliyekusanya taarifa kwa kusudi moja kuzigeuza kwa kusudi jingine.

Ila nikuambie ukweli ambao watafiti wengi huupitia juu juu. Kuficha jina hakutoshi pwani. Nikiandika "kampuni moja ya boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja", nimeshaitaja, maana ziko za kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo kundi lolote lenye biashara zisizozidi tano hatulichapishi peke yake. Tunaliunganisha na jingine. Na mapato hatuulizi kwa shilingi kamili, tunakupa madaraja uchague, au uruke.

Kwa nini hamniulizi moja kwa moja data hizi zina thamani ya kiasi gani kwangu?

Kwa sababu jibu lake halina maana. Kitu unachokipata bure hukijui bei yake mpaka siku kinapokosekana.

Tunapendelea kuuliza kuhusu siku fulani. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa siku kabla, boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na tarehe 4 kimbunga kikafika maeneo ya Mafia na Kilwa. Tunawauliza watu: ulisikia lini? Ulifanya nini? Kuna aliyevuta mashua yake juu. Kuna aliyeng'oa mwani uliokuwa bado na wiki moja kukomaa, akauza mdogo lakini akauza. Kuna aliyelalamika kwamba boti kusimama kulimkosesha fedha za siku mbili. Yote hayo ni thamani, na yote yanaandikika kwa shilingi bila kumlazimisha mtu abuni.

Kisha tunawauliza wazee kuhusu siku ambazo habari haikufika. Mawimbi ya tsunami ya 26 Desemba 2004 yaliivuka Bahari ya Hindi yote na kuua watu hadi Tanzania, na wakati ule bahari hii haikuwa na mfumo wa tahadhari hata mmoja. Uliopo sasa ulijengwa baada ya hapo. Mzee aliyekuwa ufukweni siku ile anajua data ina thamani gani, na hatumii neno hilo.

Vifaa vyenyewe vinadumu? Au mnahesabu biashara zinazotegemea kitu kitakachokufa kesho?

Hili ni swali zito na linatuuma. Kuweka kifaa kuna sherehe na picha. Kukitunza hakuna. Maboya ya RAMA ya upande wetu wa magharibi yalicheleweshwa kwa miaka na uharamia wa pwani ya Somalia, na mengine yameharibiwa na meli za uvuvi zinazojifunga kwayo, kwa sababu boya hukusanya samaki. Vifaa vya bandarini vinasimama kwa betri ya bei ndogo tu ambayo hakuna fungu la kuinunua.

Ndiyo sababu ya kazi yote hii. Fedha za kutunza kifaa huombwa kwa hoja za kisayansi, na hoja hizo ni za kweli, lakini mezani kwa mgawa bajeti zinashindana na barabara na zahanati. Tukiweza kuweka karatasi inayosema kwamba kifaa hiki kikinyamaza, majaruba haya, mashamba haya ya mwani na boti hizi zinafanya kazi kwa kubahatisha, kifaa kinapata watu wa kukitetea. Mpaka sasa kimekuwa yatima.

Sisi tutapata nini? Posho ipo?

Posho hatutoi kwa mahojiano ya kawaida, na tunalisema mwanzoni. Tukikutoa kazini nusu siku kwa kikao, tunalipa nauli na chakula.

Tunachoahidi ni kurudi. Matokeo ya kijiji chako yanasomwa kijijini kwako, kwa Kiswahili, kabla hayajachapishwa popote, na una haki ya kusema "hapa mmenukuu vibaya". Tulianza hivyo baada ya mama mmoja wa Pemba kutuuliza, bila hasira, tulikuwa watu wa ngapi kumwandika mwaka ule, na ni wangapi waliorudi.

Naweza kupata vipimo hivi mimi mwenyewe leo?

Ndiyo. Utabiri kwa watumiaji wa bahari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa kwa Kenya, mtandaoni na redioni. Majedwali ya maji kujaa na kupwa hutolewa na mamlaka za bandari. Ukitaka kuona kifaa chenyewe kikisoma, tume ya bahari ya UNESCO ina tovuti ya vituo vya kimo cha bahari duniani kote: tafuta Zanzibar, Mombasa au Lamu, utaona mstari ukipanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mstari ukiwa umenyooka au umekatika, kifaa kimenyamaza.

Tahadhari moja. Programu nyingi za simu zinachora upepo na mawimbi kwa rangi nzuri, lakini ni mahesabu ya kompyuta kwa eneo pana. Hazijui kichwa cha kisiwa chako wala mwamba ulio mbele ya kijiji chako. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, katika njia inayopitwa kila siku. Tumia programu, lakini utabiri rasmi ukisema usitoke, usitoke.

Nataka kufanya hesabu kama hii kwetu. Nianzie wapi?

Vibali vya utafiti kwanza, kutoka tume za sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake wenyewe, usidhani cha Bara kinatosha. Kisha chagua eneo dogo. Bandari moja au ghuba moja inatosha kukufundisha. Anza kwenye kifaa, umuulize anayekitunza namba zinakwenda wapi, ufuate hadi zinapoishia kwa mtu. Halafu ufanye kinyume chake: simama sokoni, umuulize muuza samaki alijuaje leo kutakuwa na mzigo, urudi nyuma hadi kwenye kifaa. Njia hizo mbili zikikutana umeelewa. Zisipokutana, hapo katikati ndipo penye biashara ambayo bado hakuna aliyeianzisha.

Nilijibu mwaka jana, mambo yamebadilika. Nifanye nini?

Mwambie aliyekuhoji, au mwenyekiti wa kikundi chenu, atufikishie habari, na anayetunza orodha ndiye atakayeitafuta namba ya karatasi yako. Jibu la zamani hatulifuti. Tunaandika jipya chini yake pamoja na tarehe. Yule bibi wa mlango wa chaki amebadilisha lake mara mbili. Mwanzo mjukuu alibadilisha simu, saa zikakatika, na bibi akawa anakwenda kijiji cha pili kutafuta mtu wa kumsomea. Mara ya mwisho tulipopita alikuwa amehamisha kamba zake kwenye maji yenye kina zaidi, kwa kuwa pale karibu maji yamekuwa ya moto na mwani unakufa, na akatuuliza kama kuna kifaa kinachoweza kumwambia joto la kule mbali kabla hajajitwika vijiti vyake kwenda. Tumeliandika kama alivyolisema.